Yadi Iliyo Chini ya Mlima

Wahenga wetu wa pwani walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Mtu asimamaye ufukoni hulitazama jahazi likiingia bandarini kwa madaha, akalisifu tanga lake na uzuri wa omo lake. Ni nadra kumkumbuka fundi aliyelala chini ya chombo hicho siku nyingi, akikalafati nyufa ambazo hapana abiria atakayeziona. Hata hivyo, chombo kikizama, hakizamishwi na ubaya wa rangi yake. Huzamishwa na ufa mmoja uliosahauliwa chini.

Ndugu msomaji, leo katika ukurasa wetu wa nyumbani nataka kukusimulia habari za chombo kisichoelea baharini bali kitembeacho juu ya meza. Nayo ni reli ndogo ya mfano, yenye treni za umeme na nyaya zake za juu, kama zijengwavyo majumbani na wazee na vijana wa Uswisi na Ujerumani. Huenda ukasema kwamba huo ni mchezo tu wa watu wenye nafasi, na kwamba hautufai kitu. Nami nilisema vivyo hivyo, mpaka nilipokaa katika nyumba ya mzee mmoja aliyenionyesha kwamba sehemu iliyo kuu katika kazi hiyo ni ile isiyoonekana na mgeni yeyote.

NYUMBA YA DEREVA MSTAAFU

Mwaka 1987 nilikuwa Uswisi kwa mafunzo ya ufundi wa umeme. Nilipata chumba cha kupanga katika mji mdogo wa Erstfeld, ulio chini ya milima mirefu, upande wa kaskazini wa handaki kuu la reli la Gotthard. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyeendesha treni maisha yake yote katika njia hiyo, naye alikuwa amestaafu. Mkewe alikuwa amekwisha fariki. Kila Jumamosi alikuja mjukuu wake, mvulana wa miaka kumi na mmoja. Baba wa mtoto huyo alifanya kazi mbali, katika kiwanda cha mji wa Basel, akarudi nyumbani kwa nadra. Wasomaji wetu ambao waume zao au baba zao wako zamu mbali wanaifahamu vema hali hiyo: babu hushika nafasi ya baba, na Jumamosi huwa siku ndefu isipokuwa na kazi ya kufanya.

Kazi yao ilikuwa katika chumba cha chini ya nyumba. Palikuwa na meza kubwa ya mbao, na juu yake mlima wa plasta, kijiji, mto na daraja. Treni ilitoka katika handaki moja, ikapita darajani, ikazama katika handaki la pili. Baada ya muda ilitoka treni nyingine kabisa. Nikamwuliza mtoto, "Ile ya kwanza imekwenda wapi?" Akacheka, akanishika mkono, akaniinamisha chini ya meza. Kule gizani, chini ya mlima, palikuwa na ubao wa pili wenye njia sita za reli zilizolala sambamba. Tatu zilikwisha kamilika; tatu zilikuwa hazijapata nyaya. Hiyo ndiyo yadi: mahali ambapo treni husubiri zamu zao, kama askari wa akiba wasubirivyo nyuma ya mstari.

Usiku ule mzee aliniambia jambo ambalo mjukuu wake alikuwa hajalijua. Alisema, "Kijana, macho yangu yananiacha. Daktari amenipa mwaka mmoja, labda miwili. Nataka yadi hii imalizike, tena imalizike kwa namna ambayo mtoto ataweza kuitengeneza bila mimi."

MAMBA WA GOTTHARD

Ili kuelewa kwa nini mzee yule alishikilia nyaya za kweli, yapasa kwanza kujua historia ya njia aliyoitumikia. Handaki la reli la Gotthard, lenye urefu wa kilomita 15, lilifunguliwa mwaka 1882. Kwa miaka karibu 40 lilipitiwa na injini za makaa ya mawe, na moshi wake uliwatesa madereva humo ndani. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 makaa yalikuwa shida kubwa. Uswisi haikuwa na makaa ya kutosha ya kwake, bali ilikuwa na maji yaporomokayo milimani. Basi wakajenga vituo vya umeme wa maji, na mwaka 1920 treni za umeme zikaanza kupita katika handaki lile. Umeme wenyewe ulikuwa wa volti 15,000, nao ulipitishwa katika waya uliotundikwa juu ya reli.

Injini maarufu zaidi ya njia hiyo ilikuwa ile ya mizigo iliyoundwa kuanzia mwaka 1919. Ilikuwa na pua ndefu mbele na nyuma, na kiwiliwili chake kilijikunja katika kona, hata watu wakaiita Mamba. Juu ya paa lake ulisimama mkono wa chuma wenye viungo, uitwao pantografu. Mkono huo husukumwa juu na springi, ukausugua waya wakati treni iendapo, na kwa njia hiyo umeme hushuka mpaka katika mota.

Kampuni ya Märklin ya mji wa Göppingen, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1859, ilitoa mfano mdogo wa Mamba huyo mwaka 1947. Mzee wetu aliununua mfano huo kwa akiba ya mishahara yake ya kwanza, akaukabidhi kwa mwanawe, na sasa ulikuwa njiani kwenda kwa mjukuu. Katika kipimo kiitwacho H0, kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli ya kawaida yenye upana wa milimita 1,435 hugeuka kuwa ya milimita 16.5, na Mamba wa mita 19 na zaidi huwa wa sentimita 22 hivi.

KUPIMA KABLA YA KUKATA

Mzee hakuanza kwa msumeno. Alianza kwa kalamu na rula. Alihesabu treni yake ndefu zaidi: injini ya sentimita 22 na mabehewa sita ya sentimita 26 kila moja. Jumla ni sentimita 178. Kwa hiyo kila njia ya yadi ilipata mita mbili zilizo wazi, ili treni isimame bila mkia wake kuziba njia ya jirani.

Kipimo cha pili kilinishangaza. Alimwita mjukuu wake, akamwambia anyoshe mkono juu ya meza, akaupima kutoka kwapani mpaka ncha za vidole. Njia sita zilizoachana kwa sentimita 6.5 huchukua sentimita 32.5 kutoka ya kwanza mpaka ya sita. Ukiongeza nafasi ya ukingoni, mtoto lazima afikie sentimita 40. Mkono wake ulifika. Laiti usingefika, mzee angeondoa njia moja, ingawa treni moja ingekosa mahali. Aliniambia, "Mahali usipoweza kufika kwa mkono, usipeleke waya."

Kisha akapima kimo. Baina ya ubao wa yadi na ubao wa juu aliacha sentimita 22 zilizo wazi, ili mkono uingie ukiwa umeshika chuma cha kulehemia bila kuunguza kitu. Lakini treni ingeshukaje kutoka juu mpaka huko chini? Hapa alifuata hekima ya wahandisi wa zamani. Karibu na kijiji cha Wassen, juu kidogo ya Erstfeld, reli ya kweli hupanda mlima kwa kuzunguka ndani ya miamba, hata abiria huliona kanisa lile lile mara tatu kutoka pande mbalimbali. Mzee naye alijenga njia izungukayo kama ngazi ya mnara. Nusu kipenyo cha duara kilikuwa sentimita 45, kwa hiyo mzunguko mmoja ulikuwa sentimita 283. Njia ikishuka sentimita tatu kwa kila mita, kila mzunguko hushusha treni sentimita 8.5. Mizunguko mitatu ilitosha.

Tazama, msomaji, jinsi nyaya zilivyoitawala hesabu hiyo. Katika reli kubwa waya huwa mita 5.5 hivi juu ya reli. Kwa kipimo cha H0 ni milimita 63. Ongeza sentimita moja ya reli na kitako chake, na sentimita moja ya ubao wa mzunguko ulio juu. Jumla ni sentimita 8.3, na nafasi iliyopo ni 8.5. Mtu asiyetaka nyaya za kweli angeweza kubana zaidi. Aliyezitaka alibakiwa na milimita mbili tu za kukosea.

KWA NINI WAYA WENYE UMEME?

Wajenzi wengi wa reli ndogo huweka nyaya za juu kuwa pambo, ilhali umeme hupita chini katika reli. Siku hizi jambo hilo ni rahisi zaidi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 ilianza kuuzwa mitambo ya kidijitali ambayo huipa kila injini namba yake, na treni nyingi huongozwa mbalimbali katika reli moja. Zamani haikuwa hivyo. Ukiongeza umeme, kila injini iliyomo katika njia ile ilikwenda mbio pamoja na wenzake.

Nyaya za juu zilikuwa dawa ya taabu hiyo. Katika mtindo wa Märklin, umeme huingia kwa vidoti vya chuma vilivyo katikati ya reli, nao hurudi kwa reli zote mbili. Ukiongeza waya wa juu unapata mlango wa pili wa kuingizia umeme. Injini moja hula chini, nyingine hula juu, nazo hutumia reli zile zile kwa kurudishia. Kwa namna hiyo watu wawili, kila mmoja na transfoma yake, waliweza kuendesha treni mbili katika njia moja. Babu alishika ya chini, mjukuu akashika ya juu.

Yafaa kumwonya atumiaye mtindo mwingine, ule wa reli mbili tu, ambamo kila reli ni upande wake wa umeme. Injini ilayo juu hurudishia umeme kwa magurudumu ya upande mmoja. Ikigeuzwa kichwa kikawa mkia, magurudumu hayo hukaa juu ya reli nyingine, na injini huenda ikasimama kabisa au ikafuata amri ya mtu mwingine. Mwenye mtindo huo asijenge kitanzi cha kugeuzia treni kabla ya kulitatua jambo hilo.

KUTUNDIKA WAYA

Juu ya mezani, mbele ya macho ya wageni, mzee alinunua nguzo za dukani zilizotengenezwa kwa ustadi. Katika yadi hakuhitaji urembo. Alichukua waya wa shaba wa unene wa milimita moja na nusu hivi, akauchuna kutoka katika kebo ya kawaida ya nyumba. Ncha moja aliibana katika jiliwa, ncha ya pili akaivuta kwa koleo mpaka waya ukanyooka kama uzi wa pima maji na kuwa mgumu kidogo. Alinieleza kwamba springi ya pantografu huusukuma waya juu daima. Waya ukiwa laini, hupinda, na pantografu huruka kama mtu apitaye juu ya matuta.

Kwa kuushikilia waya alisimamisha malango ya vipande vya mbao, kila lango likivuka njia zote sita. Mahali paliponyooka malango yaliachana kwa sentimita 30. Katika mzunguko hesabu ilikuwa nyingine, kwa sababu reli hupinda lakini waya hunyooka kutoka nguzo hadi nguzo. Nguzo zikiachana kwa sentimita 20 katika duara la sentimita 45, waya huikata kona kwa milimita 11. Zikiachana kwa sentimita 15, huikata kwa milimita 6 tu, nazo ukizigawa, tatu upande wa ndani na tatu upande wa nje, pantografu huendelea kuushika waya. Ndiyo sababu mzunguko ule ulikuwa na nguzo nyingi kama ua wa mifugo.

Hata mahali paliponyooka waya haukuwa katikati ya njia moja kwa moja. Ulikwenda kidogo kulia, kisha kidogo kushoto, kutoka lango hadi lango. Reli kubwa hufanya hivyo kwa makusudi, maana waya ukisugua mahali pamoja daima, huchimba mfereji katika kichwa cha pantografu. Ujerumani waya huweza kwenda hadi sentimita 40 kila upande, kwa sababu kichwa cha pantografu cha huko kina upana wa milimita 1,950. Cha Uswisi kina milimita 1,450. Kwa kipimo cha H0, cha kwanza ni milimita 22 na cha pili ni chini ya 17. Mtu akitundika waya kwa kipimo cha Kijerumani kisha akapitisha injini ya Kiswisi, waya waweza kuteleza pembeni, pantografu ikainuka juu yake, na hapo lazima kimoja kivunjike. Mzee alitumia milimita mbili tu kila upande, ili mgeni na mwenyeji wapite salama.

Penye taabu kubwa zaidi palikuwa kooni, yaani mahali njia moja igawanyikapo kuwa sita. Hapo nyaya nyingi hukutana, na kila makutano ni mtego. Mzee aliacha nyaya kabisa mahali hapo. Alikata bati jembamba la shaba, akalitundika kama dari juu ya koo zima, akazikunja kingo zake kwenda juu. Pantografu iliteleza chini ya dari hilo, treni iende njia yoyote ipendayo, kisha ikashika waya wa njia yake. Wageni wangeliona bati lile wangelicheka. Lakini halikuwekwa kwa ajili ya wageni.

Mwishowe kila njia ilipata swichi yake. Waya wa njia isiyochaguliwa haukuwa na umeme, na treni yake ililala. Mbele ya kila njia kulikuwa na sentimita 40 za waya zilizotengwa, ili injini iingiayo isimame yenyewe kabla ya kutoka upande wa pili. Umeme wote ulitoka katika transfoma ya kiwandani iliyofungwa, usiozidi volti 16 kwa mwendo, na 24 hivi kwa kitambo kidogo tu cha kugeuza mwelekeo. Umeme wa ukutani haukuguswa na mtoto, wala kifuniko cha transfoma hakikufunguliwa kamwe.

TONE MOJA LA LEHEMU

Kanuni ya kulehemu ilikuwa moja: lehemu yote ikae juu ya waya, na upande wa chini uwe laini kama kigongo cha kisu. Kila kiungo kilipaswa kusuguliwa kwa tupa, kisha kwa msasa, kisha kupitishwa kidole. Baadaye Mamba alisukumwa kwa mkono, polepole, bila umeme, kutoka mwanzo wa njia mpaka mwisho.

Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba mzee alikuwa na miadi kwa daktari. Mtoto alibaki na njia ya sita, ile ya mbali zaidi, ndani kabisa gizani. Alilehemu malango yote saba. Katika lango la tano tone la lehemu lilishuka likaganda chini ya waya, dogo kama punje ya mtama. Mkono wake ulikuwa umechoka, na rafiki zake walimngoja nje kwenye theluji. Aliliona tone lile. Akajiambia kwamba ni njia ya sita, ni gizani, hapana atakayejua.

Jioni mzee alirudi, uso wake umetulia mno, kama uso wa mtu aliyekwisha pewa jibu. Hakusema alichoambiwa na daktari. Alitaka tu kuona njia zote sita zikifanya kazi. Akauliza, "Umeisukuma kwa mkono?" Mtoto akajibu, "Ndiyo, babu." Basi mzee akawasha swichi ya sita, akampeleka Mamba wake chini.

Tulimsikia akizunguka mara tatu, akapita chini ya bati la shaba, akaingia njia ya sita. Kisha tukasikia mlio mdogo, kama kijiti kinachokatika, halafu kimya. Mtoto akaingiza mkono, akamtoa Mamba. Pantografu ya mbele ilikuwa imepinda na kung'oka kiungo kimoja. Ilikuwa pantografu ile ile aliyoinua baba yake alipokuwa mtoto.

Mvulana akalia. Akaungama yote: tone, uchovu, rafiki zake, na uwongo. Nilidhani mzee atamkaripia, maana nilimwona ameishika meza kwa mikono miwili. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mimi nilipoendesha treni usiku ndani ya handaki, sikuona waya. Nilimwamini fundi ambaye sikupata kumjua jina. Kila usiku, miaka 38. Sasa mimi ndimi nitakayekuwa gizani, nawe ndiwe fundi."

Ndipo mtoto alipojua habari za macho ya babu yake. Mzee alimpa tupa. Mtoto aliingia chini ya meza, akakaa humo muda mrefu kuliko malango saba yalivyohitaji. Alipotoka, alikuwa amesugua upya njia zote sita.

Pantografu ilitengenezwa majuma mawili baadaye, kwa kipuri kilichoagizwa kwa posta. Kovu dogo lilibaki katika paa la Mamba. Mzee alikataa lisipakwe rangi.

NASI JE?

Ndugu msomaji, si kila nyumba yaweza kununua treni za Ulaya, wala sikuandika haya ili mtu atumie karo ya watoto kwa michezo. Lakini watoto wetu hutengeneza magari ya waya kwa mikono yao wenyewe, wakayapa usukani na magurudumu yazungukayo. Mtoto wa namna hiyo amekwisha kuwa nusu ya fundi. Mpe betri ndogo za tochi, taa yake, na vipande vya waya wa shaba. Mwonyeshe kwamba taa huwaka pale tu njia ya umeme inapokuwa nzima kwenda na kurudi. Kisha mwambie afiche viungo chini ya ubao, na taa iendelee kuwaka kesho na keshokutwa. Hilo ndilo somo lenyewe.

Tena somo hili limetukaribia. Reli za Katanga, nchini Kongo, zilianza kutundikiwa nyaya za umeme katika miaka ya 1950. Tanzania nayo ilianza mwaka 2024 kusafirisha abiria kwa treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na mwaka huo huo zikafika Dodoma. Nyaya hizo si za volti 16. Ni za volti 25,000. Wazazi wawaonye watoto wao mapema: waya wa namna hiyo huweza kuua hata bila kuguswa, kwa maana umeme huruka hewani ukamfikia aliyeukaribia. Mtu asipande juu ya behewa chini ya nyaya, asirushe tiara karibu na reli, wala asiunyoshee waya fimbo au bomba. Na ndugu zetu walinzi wa usalama wanajua kwamba akataye kipande cha waya wa shaba ili akauze hawaibii watu wa reli peke yao. Huwaweka hatarini abiria asiowaona na wasiomwona.

Nilirudi nyumbani mwaka 1988. Jumamosi yangu ya mwisho mzee aliketi karibu na meza, mgongo wake ukiuelekea mlima mzuri wa plasta, kwa kuwa kufikia wakati huo alikuwa haoni ila mwanga na kivuli. Mjukuu alituma treni chini, moja baada ya moja, njia ya kwanza hadi ya sita. Mzee aliinamisha kichwa akasikiliza. Pantografu ipitayo juu ya waya safi hutoa mnong'ono mwembamba usiokatika. Alipomaliza Mamba kuingia njia ya sita na kusimama, mzee alingoja kidogo, kisha akauliza, "Lango la tano liko wapi? Sikulisikia."

Mtoto akamjibu, "Ulikwisha lipita, babu."